Mwalimu na Chungu cha Nyuso Mbili

Wewe unayenisikiliza, kama una kikombe karibu, kiweke mezani. Usikishike tena. Kitazame hapo kilipo. Unaona mkono wake, pengine na ua lililochorwa ubavuni. Upande wa pili huuoni, na wala hujui kama una ufa. Watu wengi wakitaka kuuona watakigeuza kikombe. Mtu ninayetaka kukueleza habari zake asingekigeuza. Angeinuka, na magoti yake yakilia, akakizunguka.

Sisi tulimwita Mwalimu, na jina hilo linatosha. Mwaka wake wa kuzaliwa siujui, na ukoo wake hakupenda kuutaja. Ukimwuliza yeye ni nani, alikuwa akijibu, "Mimi ni mwanafunzi aliyechelewa kurudi nyumbani." Ilikuwa mzaha, lakini ilikuwa kweli pia. Alitoka Unguja, shamba, akaja London akiwa kijana kusomea ualimu. Akiwa katikati ya masomo, kwao kukatokea Mapinduzi. Serikali iliyompa pasi ya kusafiria ikawa haipo, na waliompeleka masomoni hakuna aliyejua wako wapi. Alingoja mambo yatulie, na katika kungoja huko akapata kazi, akapata mvi. Alifundisha watoto kuchora na kufinyanga katika shule moja ya Stratford mpaka akastaafu. Mimi nilimjua baada ya hapo, alipokuwa na darasa la ufinyanzi kila Jumamosi katika ukumbi mdogo ulio chini ya majumba ya kaunsili, Tottenham.

Nilikuwa nesi, mgeni wa miaka michache kutoka Taita, nimechoka kunusa dawa. Rafiki yangu Mama Zuhura, mwanamke wa Kisauni aliyekuwa na kibanda cha vitambaa sokoni, ndiye aliyenivuta.

"Njoo, shoga," alinikaribisha mlangoni siku ya kwanza. "Kama watafuta mume, hapa hakuna. Kuna udongo na huyu babu."

"Na huyo babu anasikia," Mwalimu alijibu bila kugeuka.

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Nilitafuta kwa macho ile mashine ya kuzungusha udongo niliyoizoea kwenye televisheni. Haikuwepo. Kulikuwa na vigoda vifupi vimepangwa katikati ya ukumbi, na juu ya kila kigoda kibao chenye bonge la udongo.

"Mwalimu, gurudumu liko wapi?"

"Liko kwenye televisheni, linazunguka. Hapa anayezunguka ni wewe, Nesi."

Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Ngoja nikueleze, maana bila hili hutaelewa mengine. Unafanya kitako cha chungu kwanza. Kisha unasokota udongo uwe kama kamba nene, unauviringisha juu ya kitako, unaubana, unaongeza kamba nyingine juu yake. Chungu kinakaa palepale. Wewe unainama, mkono mmoja ndani ya chungu na mwingine nje, na unakwenda kinyumenyume ukikizunguka, hatua ndogo ndogo, huku mikono inabana na kulainisha. Kuna sababu. Ukienda mbele, mwili wako unatangulia na kuifunika kazi. Ukienda kinyumenyume, unaiona kazi uliyokwisha kuifanya. Ukumbi mzima wa wanawake wazima tuliinama hivyo, tunarudi nyuma, tunagongana makalio na kuombana radhi. Mtunzaji wa ukumbi alichungulia mara moja akauliza kama ile ni ibada au ngoma, ajue aandike nini.

Mwalimu naye alizunguka, na ajabu ni kwamba mzee aliyekuwa akilalamikia ngazi mbili tu za mlangoni, akishainamia udongo magoti yake yalinyamaza. Aliinama kwa namna yake: mgongo umelazwa kama meza, shingo imeinuliwa kidogo, na kila baada ya mzunguko alipumua kwa pua, pumzi fupi, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mama Zuhura alikuwa akimwigiza sana. Sote tukamwigiza, kwa mzaha kwanza, baadaye kwa mazoea.

Na sote tuliamini kwamba mtindo ule aliupata kwa watu wa kale wa Amerika ya Kusini. Hatukuwa na sababu ya kuamini vingine, kwa kuwa hao ndio waliokuwa mdomoni mwake kila Jumamosi. Tulipofanya maonyesho yetu madogo pale ukumbini, nilimweleza mgeni mmoja, kwa uhakika kabisa, kwamba wafinyanzi wa kale wa Peru walikuwa wakienda kinyumenyume. Mwalimu alinisikia. Alikunywa chai yake.

Sasa nikueleze kuhusu hao watu wa kale, kama alivyonieleza yeye, taratibu.

Katika jumba moja la makumbusho katikati ya jiji kulikuwa na kabati la vioo pande zote, na ndani yake vyungu vya kutoka pwani ya kaskazini ya Peru na nchi jirani, vya zamani kuliko dini zetu hizi mbili. Vingine vina mpini wa ajabu juu yake, uliopinda kama kikuku cha farasi, kile anachokanyagia mpandaji, mtupu ndani, ambao ndio njia ya maji. Mwalimu alitupeleka huko kila mwaka, kila mmoja na kadi yake ya basi na andazi lake. Kati ya vyungu hivyo kimoja tulikiita "yule bwana." Kilikuwa kichwa cha mtu, kikubwa kama nazi iliyokwisha kufuliwa. Ukisimama kushoto unaona mzee, mashavu yamekunjamana, jicho limelegea kwa usingizi au kwa dawa. Ukisimama kulia unaona jagwa, yule chui mnene wa misitu ya kule: jicho la duara, pua iliyobanwa, meno marefu yaliyotoka nje ya mdomo.

"Na ukisimama mbele?" Mwalimu alituuliza mara ya kwanza.

"Naona vyote viwili," nilijibu.

"Huoni hata kimoja. Unaona ugomvi. Zunguka."

Alitueleza kwamba yule si jini wala hadithi ya kutisha watoto. Ni mganga akiwa kazini. Kwa imani ya watu wale, mgonjwa anaweza kuwa roho yake imetangatanga mbali, mahali asipofika mtu kwa miguu. Basi mganga hunywa maji ya mdungusi, mmea wa miiba wenye kulevya, ngoma hupigwa, naye hugeuka mnyama mwenye nguvu, akaenda huko kuirudisha. Wengine waligeuka ndege, wengine jagwa. Mfinyanzi alichagua kumwonyesha katikati ya safari, kabla hajamaliza kugeuka.

"Kwa nini katikati?" aliuliza Mama Zuhura. "Si angemfanya chui mzima tumwogope vizuri?"

Mwalimu alimtazama kwa furaha, kama walimu wanavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali walilokuwa wakilingoja. "Kwa sababu kugeuka si kazi, bibi. Kugeuka kila mtu anageuka. Kazi ni kurudi. Huu upande wa mzee ndio njia yake ya kurudia. Mfinyanzi kamwachia mlango wazi."

Hilo ndilo neno lake lililobaki na sisi. Tulilitumia kwa kila kitu. Mtu akipunguza uzito kwa mfungo kisha ukamrudia, tulisema kazi ni kurudi. Treni ya Victoria ikikwama chini ya ardhi, kazi ni kurudi.

Usidhani, lakini, kwamba alikuwa mtu wa hekima tupu. Alikuwa mkaidi, na mambo yake hayakulingana. Mtu huyu aliyeweza kusimama saa nzima mbele ya jagwa wa udongo alikuwa akiogopa paka. Paka wa mtunzaji wa ukumbi akipita, Mwalimu alipanda juu ya kiti na kuendelea kufundisha huko huko, na heshima yake yote. Alisema Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, hakuchanganya neno, na alitukemea tulipochanganya. Lakini akiumia kidole alilaani kwa Kiingereza cha Stratford ambacho sitakirudia. Alisali sala zake zote, na vyungu vya nyuso mbili alivyofinyanga mwenyewe kwa kumwiga yule bwana hakuvitoboa macho. Aliacha vivimbe laini tu mahali pa jicho.

"Macho anatoa Mwenyewe Mola," alisema.

"Na hayo meno je, umeruhusiwa?" Mama Zuhura alimwuliza.

"Meno hata daktari anatoa."

Aliwahi pia kutengeneza chungu cha mbinja. Watu wa kale wa kule walikuwa navyo: vyungu viwili vimeungwa kwa mrija, kimoja kina kipenga kidogo kilichofichwa shingoni. Ukitia maji na kukiinamisha, maji yanahama kutoka kimoja kwenda cha pili, yanaisukuma hewa, hewa inapita kwenye kipenga, na chungu kinalia kama ndege. Alikifanyia kazi tangu kiangazi. Siku alipokileta ilikuwa jioni, Desemba, giza limeshaingia saa kumi. Akakiinamisha. Kikalia: fiii, fiii. Na mzee yuleyule aliyekifanya akashtuka, akakiweka chini haraka.

"Nini?" tuliuliza.

"Giza limeingia," alisema. "Mama alikuwa hataki mbinja baada ya magharibi. Inaita nyoka."

"Nyoka wa Tottenham, Mwalimu?" Mama Zuhura alicheka mpaka akakaa. "Atakuja kwa basi gani?"

Mwalimu naye alicheka, lakini hakukiinamisha tena mpaka Jumamosi iliyofuata, mchana kweupe.

Mama yake nilimsikia kwa njia hiyo tu, vipande vipande, kama mtu anayeokota vigae. Alikuwa amekufa zamani, na Mwalimu hakuwepo mazikoni. Aliyebaki ni nduguye wa kike, mdogo wake, aliyekuwa bado shamba Unguja. Zamani walitumiana kaseti: dada anaongea upande mmoja, kaka anajibu upande wa pili. Zilipokuja simu za mkononi, dada alipiga kila Jumamosi, tena wakati wa darasa, kwa sababu alijua kaka yake hawezi kukimbia na mikono ya udongo. Mmoja wetu alimbonyezea simu na kuiweka mezani, sote tukasikia.

"Kaka, upo?"

"Nipo."

"Upo wapi?"

"Nipo huku."

"Kila siku upo huku. Huko hakukuchoki wewe?"

"Nitakuja, inshallah. Baridi ikipungua."

"Huku hakuna baridi ya kungoja. Mimi macho yanakwenda, magoti yamekwenda. Njoo nikuone kabla sijawa mtu wa kuhadithiwa."

Alisema nitakuja kwa miaka mingi. Alikuwa na pasi mpya tangu zamani, nauli aliimudu, na hakuna aliyemzuia huko tena. Kila kiangazi alikuwa na sababu. Tanuri la kuchomea vyungu lina kasoro. Mwanafunzi fulani hajamaliza. Mwaka mmoja alisema hawezi kuacha chumba chake, na chumba chenyewe kilikuwa Queensbury, katika nyumba ya familia ya Kihindu iliyotoka Mombasa, watu waliomlinda kama baba yao na kumpelekea chapati juu. Chumba hicho kisingemkimbia.

Sababu yenyewe aliniambia ndani ya basi, tukitoka makumbusho, wengine wote wamelala kwa uchovu.

"Nesi," aliniuliza, "mtu akipooza upande mmoja wa uso, jamaa zake wanamtambua?"

"Wanamtambua."

"Kwa kitu gani?"

Nilifikiri. "Wengi wanamtambua anapoanza kugomba."

Alitabasamu kidogo, kisha akatazama nje, kwenye maduka ya kuku wa kukaanga na makanisa ya ghorofani. "Yupo rafiki yangu alikwenda, baada ya miaka kama yangu. Akafika kijijini kwao. Watoto wakamfuata njiani wakimwita mgeni, mgeni. Akacheka. Wakatoka wazee, wakamkaribisha vizuri, wakamletea kiti. Kiti, Nesi! Wengine wote wamekaa mkekani, yeye kiti. Alikaa juu ya kile kiti siku zote alizokuwa kule, hakuna aliyemwambia ashuke. Akarudi huku, na tangu hapo hataji kwao."

"Lakini wewe unaye ndugu."

"Ndiyo. Mmoja." Akainua kidole chake chenye udongo ukuchani. "Mama alikuwepo wa kusema huyu ndiye, hayupo. Aliyebaki ni huyu mmoja. Nikienda naye akinitazama akaniletea kiti, basi hapana tena mtu duniani wa kusema huyu ndiye. Nisipokwenda, angalau sijui."

 Nimezoea wagonjwa wanaokataa kipimo kwa sababu hiyohiyo, na huwaambia kwamba kujua ni bora. Safari hii, tuliposhuka kituo chetu, nilimbebea mfuko tu.

Binti yangu alikuwa akija nami darasani baadhi ya Jumamosi. Alizaliwa huku. Kiswahili alikielewa chote, ila alijibu kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa nikikasirika mbele za watu. Siku moja nilimkaripia hivyo, naye akatoka nje. Mwalimu aliniita kando.

"Unamfukuza nani?"

"Simfukuzi. Nataka ajibu kwa lugha yake."

"Amegeuka upande mmoja. Upande wa pili upo, unakusikia. Ukiupigia kelele utakwenda zake." Kisha akatoka kumtafuta binti yangu, akamkuta ngazini, akamsemesha Kiswahili, naye akijibiwa Kiingereza, wakaendelea hivyo muda mrefu bila mmoja kumlazimisha mwenziwe, mpaka wakarudi ndani wanacheka jambo ambalo hawakuniambia. Siku ile nilifikiri, mzee huyu ana dawa ya kila mtu isipokuwa yake.

Kilichomwondosha hatimaye hakikuwa hekima yetu. Jumamosi moja dada yake hakupiga. Tulifanya kazi tukiitazama simu pale mezani. Jumamosi ya pili alipiga, sauti imepungua.

"Kaka, upo?"

"Nipo."

"Haya." Hakuuliza yuko wapi.

Tulisubiri amwambie njoo. Hakumwambia. Alimuuliza hali ya hewa, akamsalimia Mama Zuhura, simu ikakatika. Mwalimu alibaki ameinamia chungu chake, mkono ndani na mkono nje, hazunguki.

"Amechoka kuniita," alisema.

Mama Zuhura, ambaye nilimngoja atoe mzaha, aliosha mikono yake, akaifuta, akaishika kanzu ya kazi ya Mwalimu mabegani na kumvua kama mtoto. "Mwalimu wangu," alisema, "yule mganga wako wa Peru angekaa ndani ya basi akifikiri, mgonjwa angekufa. Nenda. Ukiletewa kiti, kaa. Kisha njoo utuambie, tukutukanie." Kumbe siku ile ndani ya basi hakuwa amelala.

Akaenda.

Alipokuwa huko hatukusikia neno. Mama Zuhura na mimi tuliendesha darasa, tukizozana. Kisha siku moja nilipigiwa simu. "Nesi, njoo tukutane kwa yule bwana."

Nilimkuta mbele ya kabati, amevaa kofia mpya ya viua, uso umeungua na jua, amekonda, ameshika mfuko wa halua. Nilimwamkia, nikamtazama kama nesi kwanza, halafu kama mtu. Sikuweza kusoma chochote.

"Basi?" nilimwuliza.

"Nililetewa kiti."

Nikafungua mdomo nimpe pole. Yeye akainua mkono: subiri.

"Nilifika, dada akatoka, mzee, amesinyaa kuliko nilivyomwacha. Akanitazama. Akasema karibu. Akaagiza kiti, nikakaa. Majirani wakaja. Nikawa naongea, naye ananisikiliza kwa adabu. Adabu, Nesi! Mtu aliyekuwa akinitukana kila Jumamosi. Sauti ya kwenye simu aliijua. Huyu mwenye sauti ndiye hakumjua. Siku ya pili vilevile. Chai naletewa kikombe juu ya kisahani, kama mgeni. Siku ya tatu nimeamka, nimemkuta uani na udongo wake. Bado anafinyanga, kwa shida. Kitako amekifanya, kuzunguka hawezi, magoti hayamruhusu. Anakigeuza chungu kwa mkono, na kinapinda. Mimi nikasahau kwamba ni mgeni. Nikasahau pia kwamba kwetu mwanamume hashiki udongo. Ile ni kazi ya wanawake, na mimi nilijifunza kwa kumchungulia mama, nikifukuzwa kila siku. Nikamwambia, lete. Nikavua kanzu, nikainama, nikaanza kuzunguka."

Hapo ndipo nilipoelewa. "Kinyumenyume," nilisema.

"Kinyumenyume."

"Si watu wa Peru?"

"Watu wa Peru wengi walitumia kalibu, Nesi, walibana udongo ndani ya nusu mbili wakaziunga. Ulivyokuwa unamweleza yule mgeni kwa ushujaa, nilikuonea huruma kukukatiza." Alicheka, akafuta jicho. "Nikazunguka mara ya kwanza. Majirani wanatazama mwanamume mzima na udongo. Nikazunguka tena. Nikasikia nyuma yangu anacheka. Halafu akapiga kelele, uani kote wakasikia: 'Uso huo sijui umeuokota wapi! Lakini mgongo huo ni wa mama!' Akaita watoto. 'Njooni mumwone bibi yenu anafinyanga na kipara!' Akatuma mtoto aingie ndani akiondoe kile kiti."

Tulisimama pale, mimi na yeye, wageni wengine wakitupita kwa ukimya wao wa makumbusho, na mimi nikilia bila kitambaa.

"Narudi," aliniambia baadaye. "Moja kwa moja. Nimekuja kuaga na kufunga chumba. Wenyeji wangu wa Queensbury wamelia kuliko wewe."

"Na darasa?"

"Darasa lina migongo ya kutosha. Nimeiona ya Mama Zuhura. Mbaya, lakini ni ya mama."

Kabla hatujaondoka alimuaga yule bwana wa udongo. Alianza upande wa mzee, mikono nyuma, akaenda polepole upande wa mbele penye ugomvi, akapita kwa jagwa, akapotea nyuma ya kabati. Nikamwona kupitia vioo, kofia yake tu, ikitokea upande wa pili, mpaka akafika tena mbele ya shavu lile lililokunjamana alipoanzia. Akapumua kwa pua, pumzi fupi.

Aliishi na nduguye mpaka mwisho wake. Alikuwa akinipigia kila Jumamosi, wakati wa darasa, mikono yangu ikiwa na udongo. "Nesi, upo?" Nami nilijibu nipo huku, na nyuma yake nilimsikia dada yake akiuliza, huko hakumchoki huyo naye?

Basi wewe uliyenisikiliza, siku ukipata nafasi, nenda kwenye jumba lolote la makumbusho lenye vyungu vya watu wale, utafute chenye uso wa mtu anayegeuka. Usisimame mbele. Anza upande wa mtu, nenda taratibu mpaka upande wa mnyama, na usiishie hapo ulipofika. Endelea kuzunguka mpaka urudi ulipoanzia.